Kiazi, Maziwa na Mwiko: Historia ya Viazi vya Kuponda Mjini Gisenyi

Viazi vya kuponda, yaani viazi mviringo vilivyochemshwa hadi kuiva kabisa, vikasetwa vikiwa moto na kulainishwa kwa siagi na maziwa, ni chakula kinachofahamika vizuri mjini Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mahali ambapo mitaa ya Rwanda na mitaa ya Goma nchini Kongo imekaribiana kama vyumba vya nyumba moja. Wengi wanaokila hukiita kwa jina la Kifaransa, *purée*, na jina hilo huwafanya wadhani kwamba ni chakula kilicholetwa kizima kutoka Ubelgiji. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Kiazi ni mgeni wa karne moja na ushei, na utaratibu wa kukichanganya na siagi ulitoka Ulaya. Lakini maziwa, siagi na mwiko vilikuwapo Bugoyi, kama eneo hilo linavyoitwa tangu kale, muda mrefu kabla Mzungu wa kwanza hajayaona maji ya Kivu. Jambo lililohitaji muda mrefu ni kuvikutanisha vitu hivyo ndani ya sufuria moja, kwa sababu desturi za ukanda wa Maziwa Makuu ziliyatenga maziwa na moto, na kuyatenga pia na mazao mengi ya shamba.

Kiazi mviringo, ambacho wataalamu wa mimea hukiita *Solanum tuberosum*, kilianza kulimwa katika milima ya Andes, kwenye nchi za Peru na Bolivia za leo, yapata miaka 8,000 iliyopita. Wahispania walikifikisha Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 16, na huko kilitazamwa kwa mashaka kwa vizazi kadhaa. Mwingereza Hannah Glasse alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747 jinsi ya kuseta viazi kwa maziwa, chumvi na siagi, ilhali Ufaransa ilisubiri hadi mwaka 1772 ndipo Kitivo cha Tiba cha Paris kikatamka kwamba kiazi hakimdhuru mlaji, baada ya juhudi za mfamasia Antoine-Augustin Parmentier, aliyekula viazi kwa kulazimika alipokuwa mateka wa Waprusia katika Vita vya Miaka Saba. Inafaa kukumbuka kwamba hata watu ambao leo husifiwa kwa chakula hiki walihitaji karne mbili kukizoea.

Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen, ofisa wa Kijerumani, aliivuka Rwanda kutoka mashariki, akakutana na mfalme Kigeli IV Rwabugiri, akapanda volkano ya Nyiragongo na kulifikia Ziwa Kivu. Baada yake Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Kisenyi, kama walivyoliandika jina la mji huo, na mwaka 1901 Wamisionari wa Afrika, mapadre wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, wakafungua misheni ya Nyundo, kilomita chache kutoka ziwani. Ni katika miaka hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo askari na wamisionari waliingiza kiazi nchini. Walikipanda ili wapate chakula walichokizoea, lakini ardhi ilikipokea kuliko walivyotarajia. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyopanda kutoka mjini kuelekea Mudende, Busasamana na Bigogwe hupita mita 2,000. Udongo wake umetokana na majivu na lava ya volkano, ni mweusi, mwepesi na haushikilii maji. Mvua ni nyingi na usiku ni wa baridi. Katika miinuko inayozidi mita 1,800 mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Majina ya zao hilo yamehifadhi sehemu ya safari yake. Waswahili wa pwani walipata neno mbatata kutoka kwa Wareno, na wengine wakasema viazi ulaya ili kuvitenga na viazi vitamu. Warundi husema *ibiraya*, Wanyarwanda *ibirayi*, na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kulisikia neno Ulaya ndani ya maneno hayo. Kuna pia *intofanyi*, jina ambalo Wanyarwanda wengi, hasa wazee, bado wanalitumia, na ambalo linakaribiana mno na *Kartoffel* la Kijerumani. Majina yote hayo yalikitambulisha kiazi kama mgeni, na katika miaka ya mwanzo hilo halikukisaidia, kwa kuwa meza ya Bugoyi ilikuwa na heshima yake tayari: njegere, maharage, mtama, ulezi, magimbi na ndizi.

Njaa ndiyo iliyokiingiza kiazi katika mashamba ya watu wa kawaida. Tangu mwaka 1914 Gisenyi iligeuka uwanja wa mapambano kati ya Wajerumani na Wabelgiji, na Wabelgiji walipoiteka Rwanda mwaka 1916 mashamba ya Bugoyi yalikuwa yamekanyagwa na majeshi, huku chakula na wapagazi vikiwa vimechukuliwa kwa ajili ya vita. Iliyofuata ni njaa ya Rumanura, ya kati ya 1916 na 1918, iliyoikumba zaidi kaskazini-magharibi. Utawala wa Kibelgiji baadaye uliweka kilimo cha lazima, yaani amri ya kumtaka kila mkulima apande kiasi fulani cha mazao ya kuzuia njaa, na kiazi kikawa mojawapo. Lakini zao lililotegemewa kuwa ngao likawa lenyewe shabaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 uliingia ugonjwa wa bakajani chelewa, unaosababishwa na kimelea *Phytophthora infestans*, kilekile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na ukame ulipoungana nao ikazuka njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944, iliyoua watu kwa maelfu. Miaka hiyo yote kiazi kilikuwa chakula cha kuokoa maisha, kilichochemshwa na maganda yake na kuliwa na maharage, au peke yake na chumvi pale maharage yalipokosekana. Hakuna aliyekiwazia siagi.

Hapa ndipo inapobidi kuyageukia maziwa, ambayo historia yake ni ndefu na ya kina kuliko ile ya kiazi. Katika Rwanda ya kale ng'ombe alikuwa mali, dhamana ya urafiki, mahari na kipimo cha hadhi, na maziwa yake yalikuwa na adabu zake. Yalikamuliwa katika chombo cha mti kilichochongwa kwa ajili hiyo tu, yakagandishwa kuwa *ikivuguto*, yaani maziwa mala, au yakasukwa ndani ya *igisabo*, kibuyu kikubwa ambacho mwanamke alikitikisa mbele na nyuma kwa mwendo uleule hadi siagi ikajitenga. Siagi hiyo, ambayo huitwa *amavuta y'inka*, mafuta ya ng'ombe, ilipakwa mwilini kama pambo na kinga ya ngozi, na harufu yake nzito, iliyochanganyika na moshi wa kufukizia vyombo, ilikuwa harufu ya nyumba yenye neema.

Adabu hizo zilikuwa na miiko. John Roscoe, mmisionari aliyeandika juu ya Bahima, wafugaji wa Ankole katika Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwamba hawakuchemsha maziwa kwa kuamini kuwa kufanya hivyo kungemdhuru ng'ombe aliyeyatoa, na kwamba aliyekula baadhi ya mazao ya shamba alipaswa kungoja saa nyingi kabla ya kunywa maziwa, ili vitu hivyo viwili visikutane tumboni. Imani za namna hiyo, zenye tofauti za hapa na pale, zilienea kwa majirani zao wafugaji wa ukanda huo. Gisenyi yenyewe ina deni la shukrani katika jambo hili, kwa sababu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji, aliyatumia makao yake ya Nyundo kukusanya na kuchapisha mila, desturi na *imiziririzo*, yaani miiko, ya Wanyarwanda, kazi ambayo isingefanywa wakati huo leo ingekuwa imechelewa.

Mtu akiisoma miiko hiyo huku akiwa na sufuria ya viazi vya kuponda mbele yake, ataona mara moja ugumu uliokuwapo. Chakula hiki kinadai maziwa yapashwe moto. Kinadai yamwagwe juu ya zao lililochimbwa ardhini. Na kinadai siagi, pambo la mwili, iyeyushwe na kuliwa. Kwa mlezi wa ng'ombe wa mwaka 1900 hilo lingekuwa ukiukaji wa mambo matatu kwa mpigo mmoja, na kwa mkulima asiye na ng'ombe lingekuwa anasa isiyofikirika. Ndiyo sababu hoja ya kwamba Mbelgiji alileta chakula hiki na Mnyarwanda akakipokea haitoshelezi: kabla ya kupokewa, ilibidi mfumo mzima wa heshima baina ya zizi na shamba ulegee.

Ulilegea polepole, kwa njia zaidi ya moja. Shule na zahanati za misheni zilifundisha kwamba maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, na dini mpya ikapunguza hofu ya kuvunja miiko. Gisenyi nayo, kwa sababu ya ufukwe wake na hewa yake, ilikuwa mji wa mapumziko kwa Wazungu wa Rwanda na wa Kivu ya Kongo, na nyumba zao na hoteli zao ziliajiri wapishi Waafrika waliojifunza kuandaa *purée* kama walivyojifunza kuandaa supu na nyama ya kuoka. Mpishi aliyeseta viazi mchana kutwa katika jiko la mwajiri alirudi nyumbani jioni na ujuzi huo mikononi, na hakuna njia nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi chakula hicho kilivyovuka kutoka ufukweni hadi mitaa ya juu.

Ujuzi peke yake, hata hivyo, haungetosha bila kiazi kinachofaa, na sehemu hii ya historia iliandikwa mashambani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikata eneo kubwa la Hifadhi ya Taifa ya Volkano ili kuwapa walowezi mashamba ya pareto, ua linalotoa dawa ya kuulia wadudu, na walowezi hao wakalima viazi kando ya pareto, mara nyingi kwa moyo zaidi. Mwaka 1979 ukaanzishwa mjini Ruhengeri, ambao leo ni Musanze, mpango wa taifa wa kuboresha viazi, uliojulikana kwa herufi zake za Kifaransa PNAP, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ISAR na kwa msaada wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao Lima, Peru. Mgeni wa Andes alikuwa sasa anafuatwa na wataalamu kutoka kwao. Watafiti walichagua aina zinazostahimili bakajani na kuzipa baadhi yake majina ya nchi yenyewe: Gahinga na Muhabura ni volkano, na Kinigi ni mahali chini ya volkano. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeonyesha kwamba mavuno ya viazi ya Rwanda yalitoka chini ya tani 100,000 mwaka 1961 hadi tani milioni 1.3 mwaka 2005, na kwamba ulaji ulifikia kilo 125 kwa mtu kwa mwaka.

Kati ya tarakimu hizo mbili ipo miaka ambayo tarakimu haziwezi kuisimulia. Vita vilivyoanza Oktoba 1990, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakimbizi waliopita Gisenyi kwa mamia ya maelfu kuelekea Goma mwezi Julai mwaka huo, na uasi wa 1997 na 1998 katika kaskazini-magharibi, viliwaondoa wakulima mashambani, vikawaua wengi wao, na mbegu zikaliwa au kuoza. Zao linalopandwa kwa viazi vyenyewe haliwezi kungoja ghalani kama nafaka. Msimu mmoja ukipita bila kupandwa, aina nzima huweza kupotea katika kijiji. Kwamba Kinigi ilibaki ni kazi ya watafiti waliorudisha mbegu na ya wakulima waliozificha na kuzigawana.

Maziwa nayo yalirudi kwa sura mpya. Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango wa Girinka, ambao huipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, nayo hutoa ndama jike wa kwanza kwa jirani, na hivyo maziwa yakaingia katika nyumba za watu ambao babu zao walikuwa wakulima tu. Malisho ya Gishwati, juu ya barabara ya kutoka Gisenyi kwenda Musanze, hutoa maziwa na jibini zinazouzwa mjini na ng'ambo ya mpaka, na wachuuzi, wengi wao wanawake, hupita kila siku kwenye Petite Barrière, yaani kizuizi kidogo, wakiwa na viazi, maziwa na mboga kwa soko la Goma. Umbali wa kijamii uliokuwa kati ya zizi na shamba umekuwa umbali kati ya meza mbili sokoni.

Katika jiko la nyumbani historia hii yote inakuwa suala la mkono na moto. Aina ya kiazi ndiyo inayotangulia kila kitu. Kinigi, yenye ngozi nyekundu, ina unga mwingi, maana yake ina wanga mwingi na maji machache, ikiiva inapasuka na kumeguka; Cruza, iliyopendwa na wakulima kwa ustahimilivu wake, ina maji mengi na huifanya sufuria kuwa uji. Viazi humenywa, hukatwa vipande vinavyolingana na kuanzishwa katika maji baridi yenye chumvi, ili nje na ndani viive pamoja. Hapa mwinuko una neno lake: maji ya Gisenyi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi za Selsiasi, na ya vilima vya mita 2,300 kwenye nyuzi 92, ilhali ya pwani huchemka kwenye 100. Wanga huvimba tangu nyuzi 60 hadi 70, kwa hiyo haudhuriki, lakini pektini, gundi ya asili inayoshikanisha chembe za kiazi, hulegea taratibu zaidi kadiri maji yanavyopungua joto, na mpishi anayehesabu dakika za kitabu kilichoandikwa Paris au Mombasa atapata mabonge. Kipimo cha kuaminika ni ncha ya kisu inayopenya na kutoka bila kuinua kipande.

Maji yakishamwagwa, sufuria hurudishwa juu ya *imbabura*, jiko la makaa, kwa dakika mbili au tatu, mpishi akiitikisa hadi mvuke upungue na kingo za viazi ziwe nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Kisha huseta papo hapo, kwa mwiko mpana au kiponda-viazi, kwa kubonyeza kutoka juu kwenda chini. Mazoea ya *isekuru*, kinu cha kutwangia majani ya muhogo ya isombe, hayafai hapa hata kidogo, kwa sababu kutwanga hupasua chembe na kumwaga wanga uliovimba, na viazi huanza kuvutika kama ugali wa muhogo. Mvutiko ambao ni sifa ya ugali wa muhogo ni kasoro ya viazi vya kuponda. Siagi hutiwa kwanza, yapata gramu 100 kwa kilo moja ya viazi, ili mafuta yauzunguke wanga kabla haujakutana na maji. Mfaransa Joël Robuchon, aliyesifika kwa chakula hiki kuliko mpishi mwingine yeyote wa karne ya 20, alitia robo kilo. Maziwa huja mwisho, yakiwa ya moto, kidogo kidogo, hadi kufikia robo lita hivi, huku mwiko ukizungushwa kwa upole. Maziwa baridi huukaza wanga, na chakula huwa na chengachenga ambazo hakuna mkono utakaoziondoa. *Amavuta y'inka* huweza kuchukua nafasi ya siagi ya dukani, kijiko kimoja kikitosha kwa harufu, na viazi hivyo huwa na ladha isiyopatikana Brussels.

Vitabu vya mapishi vya Kiswahili, vichache vilivyopo, huandika "viazi kilo moja" kana kwamba kiazi ni kimoja, na msomaji aliyenunua Cruza hujilaumu mwenyewe kwa kosa ambalo si lake. Mwandishi wa kitabu kijacho, awe Gisenyi, Goma, Mbeya au Nyandarua, aliandike jina la aina ya kiazi katika mstari wa kwanza wa pishi lake, na muuzaji sokoni aulizwe jina hilo kabla ya bei.